Tutengenezeeni Risasi za Bunduki Tulizo Nazo

Kila tarehe 15 Novemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unapofunguliwa katika jimbo la Michigan, mamia ya maelfu ya watu huingia msituni kabla hapajapambazuka. Wengi wetu si matajiri. Ni mafundi magari, madereva wa malori, wauguzi, walimu na wastaafu, na siku hizi wamo pia majirani zetu waliotoka Kongo, Burundi na Kenya, ambao nao wameshazoea kujaza nyama ya kulungu kwenye friza kabla ya majira ya baridi. Bunduki nyingi tunazobeba ni za kurithi. Baba alimwachia mwana, babu alimwachia mjukuu, mume alimwachia mke. Chuma hakijaoza, mtutu haujachakaa, shabaha ni ileile. Shida yetu ni risasi za kutia ndani yake.

Lalamiko letu kwa viwanda vya bunduki na risasi vya Marekani ni moja, ingawa lina matawi mengi: mnatutengenezea vitu ambavyo hatukuviomba, na vile tunavyoviomba miaka nenda miaka rudi hamtaki kuvisikia. Hatudai maajabu wala silaha za kivita. Tunadai vitu vya mtu wa kawaida, anayewinda siku chache kwa mwaka na kwenda kulenga shabaha na watoto wake siku za mapumziko.

Tangu mwaka 2018 soko limekuwa likiletewa risasi mpya karibu kila mwaka. Mwaka 2018 ilikuja 6.5 PRC. Mwaka 2019 ikaja .350 Legend. Mwaka 2021 ikafuata 6.8 Western. Mwaka 2022 zilikuja 7mm PRC na 30 Super Carry. Mwaka 2023 zikaja .360 Buckhammer na .400 Legend, na mwaka 2025 ikaja 7mm Backcountry. Kila moja ina sifa zake na hatusemi ni mbaya. Lakini risasi mpya haiingii katika bunduki ya zamani. Ukiitaka, sharti ununue bunduki nyingine, mara nyingi na darubini nyingine juu yake. Faida ya kiwanda iko hapo, na hapo ndipo mfuko wa mwananchi unapotoboka.

Wakati huohuo, jaribuni kuitafuta .35 Remington wiki mbili kabla ya msimu.

Risasi hii ilitoka mwaka 1906. Ni nzito, mwendo wake ni wa wastani, na inafaa kabisa katika msitu mnene ambako kulungu hutokeza ghafla akiwa hatua hamsini au sitini tu. Kwa zaidi ya karne moja imelisha familia za Pennsylvania, New York, Maine na Michigan. Bunduki zake zimejaa majumbani, hasa Marlin 336, ile inayokokiwa kwa kusukuma na kuvuta wenzo unaozunguka kifyatulio, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1948. Leo ukiingia dukani na kuitaja, muuzaji hutikisa kichwa hata kabla hujamaliza kusema. Ikipatikana, boksi la risasi 20 mara nyingi huvuka dola 40. Mtu anayehitaji risasi kumi kuhakiki shabaha na mbili za kuwindia anajikuta anahesabu kila anapofyatua, kisha anaingia msituni bila mazoezi ya kutosha. Mwindaji asiye na mazoezi hujeruhi mnyama badala ya kumuua mara moja. Kwa hiyo uhaba huu si kero ya mfuko peke yake. Unagusa maadili ya kazi yenyewe.

Tazameni sasa jambo linalotuuma zaidi. Mwaka 2023 ililetwa .360 Buckhammer, risasi ya bunduki za wenzo, chini ya jina lilelile la Remington lililotupa .35 mwaka 1906. Kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.358. Kichwa cha .35 Remington nacho kina kipenyo cha inchi 0.358. Uzito wa greni 200 unapatikana katika zote mbili. Tunaelewa kwa nini ile mpya ilibuniwa: majimbo kadhaa, Ohio likiwa mojawapo, huruhusu kuwinda kulungu kwa risasi zenye ganda lililonyooka tu, na ganda la .35 Remington lina bega. Wawindaji wa Ohio walistahili kupata risasi yao, na tunawapongeza. Lakini kama kiwanda kinaweza kuagiza vichwa vya kipenyo hicho, kuchonga mashine mpya, kupimisha risasi mpya na kuitangaza nchi nzima, kinashindwaje kuwasha mashine iliyokwisha kuwepo, walau wiki chache kila mwaka, kwa ajili ya bunduki ambazo tayari zimo mikononi mwa watu?

Tungeweza kujisaidia wenyewe kama tungepewa maganda. Wengi wetu hujijazia risasi nyumbani: unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalirudisha katika umbo lake, unatia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Mwenye bunduki ya .32 Winchester Special ana afadhali, kwa sababu ganda lake ni ndugu wa .30-30, na .30-30 ipo kila mahali. Mwenye .35 Remington hana ndugu wa kumkimbilia. Kipimo cha nyuma cha ganda lake hakilingani na cha .30-30 wala cha .308, kwa hiyo huwezi kuchukua ganda la bei nafuu ukalikanda likawa lake. Lazima kiwanda kilitengeneze. Tumeomba maganda matupu yauzwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila msimu tunarudi na jibu lilelile: hayapo, na haijulikani yatakuja lini.

Orodha ya mayatima ni ndefu. Bunduki ya Savage 99, iliyoanza mwaka 1899, ilikwisha kupita milioni moja ifikapo mwaka 1960, na nyingi kati yake zinatumia .300 Savage ya mwaka 1920 au .250 Savage ya mwaka 1915. Kuna .303 Savage, .25-35, .348 Winchester, na risasi ndogo za .25-20 na .32-20 ambazo mababu walizitumia kwa sungura na mbweha. Wanaozimiliki bunduki hizo hawakuzichagua. Wamezikuta ndani ya nyumba, na wanataka kuzitumia kwa heshima ya waliowaachia.

Wenye viwanda wana majibu yao, na si ya uongo. Kubadilisha mashine kutoka risasi moja hadi nyingine kunachukua muda, na muda huo mashine haizalishi. Kila risasi lazima ipimwe msukumo wake wa ndani kulingana na viwango vya SAAMI, taasisi ya viwanda hivyo iliyoanzishwa mwaka 1926. Risasi inayouzwa polepole hukalia pesa ghalani. Tunayakubali yote hayo. Tunachokataa ni kufichwa. Tangazeni kalenda: mwezi fulani tutatengeneza .300 Savage, mwezi fulani .35 Remington, wenye haja waandikishe kwa wauzaji wao. Tutalipa mapema. Mzee mwenye bunduki ya baba yake hatabadili nia kati ya Machi na Oktoba. Anayo bunduki hiyohiyo moja na anajua atahitaji nini hadi siku yake ya mwisho. Hakuna mteja wa uhakika kuliko huyo, na hakuna aliyepuuzwa kuliko yeye.

Hofu yetu inazidi kila viwanda vinapoungana. Federal, CCI, Speer na Remington ni majina manne kwenye boksi za risasi, lakini tangu Novemba 2024 yote yako chini ya mwenye mali mmoja, kundi la makampuni la CSG kutoka Jamhuri ya Czech, baada ya biashara iliyozidi dola bilioni 2. Hatuna ugomvi na mwekezaji kwa sababu ametoka ng'ambo. Tunachojua ni kwamba mwenye mali akiwa mmoja, kuna meza moja tu ya kupeleka ombi, na meza hiyo ikisema hapana, hakuna mlango wa pili wa kubisha. Ndiyo maana tunapaza sauti sasa, kabla orodha za risasi zinazoendelea kutengenezwa hazijapunguzwa tena.

Tuna haki ya kusikilizwa, kwa kuwa sisi ndio tunaolipa. Chini ya mfumo wa sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 kiwandani, na bastola asilimia 10. Ushuru huo humwangukia mnunuzi ndani ya bei, kisha hugawiwa majimbo kwa ajili ya kutunza wanyamapori na makazi yao. Kulungu, bata mzinga na ardhi tunayowindia vimetunzwa kwa pesa hizo. Mtu aliyekosa risasi hanunui, na asiponunua hachangii. Anayeuza bunduki ya babu kwa sababu haina chakula huacha pia kukata leseni, na jimbo linapoteza mara mbili.

Risasi ndogo ya .22 LR nayo ina kisa chake. Ipo tangu mwaka 1887, na karibu kila mmoja wetu alijifunzia kwayo. Mwaka 2013, baada ya watu kuingiwa na hofu ya sheria mpya, ilitoweka madukani. Watu walipanga foleni kabla ya duka kufunguliwa, na aliyefika saa tatu hakuambulia kitu. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la korona, hali ikajirudia. Klabu zetu zilifuta madarasa ya vijana kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto usalama wa bunduki kwa maneno matupu. Walanguzi miongoni mwa wenzetu walijaza vyumba na kuuza kwa bei za kuruka, na hilo tunalilaani. Lakini viwanda vilishaona mwaka 2013 na bado havikuweka akiba. Tunaomba sehemu ya .22 inayotengenezwa itengwe kwa klabu, shule na mafunzo ya vijana, iuzwe kwao moja kwa moja kwa bei ya kawaida hata soko likichafuka.

Sasa tuzungumzie bunduki zenyewe, na tuanze na wanaotumia mkono wa kushoto. Ni takriban mtu mmoja katika kila kumi. Bunduki nyingi za bolti zina mpini wa bolti upande wa kulia. Anayetumia mkono wa kulia hufyatua, huinua mkono uleule, huvuta bolti na kuisukuma, huku mkono wa kushoto ukishikilia bunduki shabahani. Anayetumia wa kushoto hana njia nzuri. Ama avushe mkono wa kushoto juu ya darubini kuufuata mpini ng'ambo ya pili, ama aachie mkono wa kulia unaoshikilia mtutu, na bunduki iiname. Katika bunduki za kujikoki zenyewe mambo ni mabaya zaidi: ganda la moto hurukia kulia, yaani mbele ya uso wake, na moshi humpiga machoni. Zipo kampuni zinazotengeneza bunduki za kushoto, na tunazishukuru kwa dhati. Lakini aina ni chache, kaliba ni chache, na bei mara nyingi huwa juu kuliko ya bunduki ileile ya mkono wa kulia. Ndiyo maana wengi wa wenzetu hao wanang'ang'ania bunduki za wenzo, ambazo hukokiwa sawasawa kwa mkono wowote. Na bunduki nyingi za wenzo ndizo hizo za zamani zisizo na risasi. Amefungiwa mlango wa mbele, akaenda wa nyuma, akaukuta nao umefungwa.

Kisha kuna urefu wa kitako. Kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo cha kawaida ni karibu inchi 13 na nusu. Kipimo hicho kilikadiriwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani aliyevaa shati. Mvisheni mwanamke mfupi koti zito la Novemba mkaone: kitako kinanasa kwapani anapoinua bunduki, jicho haliifikii darubini, anarefusha shingo, na bunduki inampiga usoni inaporudi nyuma. Bunduki za vijana zina kitako kifupi, lakini mara nyingi huja na mtutu mfupi na umaliziaji wa bei rahisi, kana kwamba mtu mfupi hahitaji kitu kizuri. Tiba si ngumu. Kitako kifupi chenye vipande vya kuongezwa kwa skrubu kingemfaa msichana wa miaka kumi na miwili, mama yake, na kaka yake akirefuka. Kampuni kadhaa zinafanya hivyo kwa baadhi ya bunduki. Tunataka uwe ndio utaratibu wa kawaida katika bunduki za bei nafuu, kwa kuwa familia inayobana matumizi ndiyo inayotumia bunduki moja watu watatu.

Jambo jingine ni risasi zisizo na sumu. Madini ya risasi ni sumu, na hatubishani na wanasayansi. Tangu mwaka 1991 ni marufuku nchini kote kuwinda bata na ndege wengine wa majini kwa marisau ya madini hayo. California imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wote wa jimbo hilo lazima utumie risasi zisizo na madini hayo, hasa kwa ajili ya kondori wa California, tai wala mizoga ambao mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilivishauri vituo vya kugawa chakula visigawe nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji, baada ya kuonekana chembe za madini hayo ndani yake. Nyama hiyo tunawapa watoto wetu pia.

Tuko tayari kubadilika, lakini tumenyimwa cha kubadilikia. Risasi za shaba nyekundu zimejaa katika kaliba za kisasa na bei yake ni ya juu. Kwa bunduki za zamani ni chache mno. Ugumu wa kitaalamu upo: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule hurefuka, na mifereji ya ndani ya mitutu ya zamani haikizungushi kwa kasi ya kutosha kukituliza angani. Basi tutengenezeeni vichwa vya shaba vyepesi zaidi, vilivyopangwa kwa mwendo wa bunduki hizo na kwa hatua mia moja, si kwa hatua mia tano. Vingefaa .30-30, .300 Savage na .35 Remington, kila moja kwa kipenyo chake, pamoja na misitu ya nchi nzima. Tunajua inawezekana, kwa sababu mlishatatua shida kubwa kuliko hiyo. Katika magazini ya bomba, risasi hulala moja nyuma ya nyingine, na ncha kali ingeweza kugonga fataki ya iliyo mbele yake. Kwa miaka mingi tukaambiwa lazima tuvumilie vichwa butu. Takriban miaka 20 iliyopita Hornady wakaleta ncha laini inayobonyea, na hoja ikaisha. Aliyetaka, aliweza.

La mwisho ni dogo kwa bei na kubwa kwa uzito. Sheria ya Marekani inamtaka muuzaji mwenye leseni anapouza bastola aitoe pamoja na kifaa cha kuifungia. Tunachopewa mara nyingi ni kufuli jembamba la waya, ambalo wengi huliacha katika boksi. Sisi wenye watoto na wajukuu tunataka kijisanduku cha chuma chenye kufuli imara, kinachofunguka haraka kwa mwenyewe na kisichofunguka kabisa kwa mtoto, kije na bunduki kikiwa sehemu ya bei. Kiwanda kinachonunua kwa maelfu kitakipata kwa bei ambayo mtu mmoja dukani haoti. Kila anayependa bunduki anajua kwamba ajali moja ya mtoto ni nyingi mno. Anayetengeneza bastola nzuri asimwachie mnunuzi kazi ya kufikiri mahali pa kuilaza.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Viwanda vimeacha mbachao wao, yaani wateja waliovijenga kwa vizazi vitatu, kwa ajili ya msala wa maonyesho ya bunduki ya kila Januari, ambako kila kibanda lazima kiwe na kitu kipya cha kupigwa picha. Jina la Remington, lililoanza mwaka 1816, lilifilisika mwaka 2018 na tena mwaka 2020, na kiwanda chake cha kale cha bunduki mjini Ilion kikafungwa mwaka 2024. Kiwanda cha Winchester cha New Haven kilikuwa kimekwisha fungwa mwaka 2006. Wingi wa bidhaa mpya haukuyaokoa majina hayo.

Kwa hiyo tunawaambia wenye viwanda: mwaka ujao, acheni risasi moja mpya mliyopanga kuitangaza. Muda wa mashine mtakaouokoa, utumieni kwa .35 Remington na .300 Savage. Tangazeni tarehe mapema. Uzeni na maganda matupu. Ongezeni bunduki za mkono wa kushoto kwa bei ileile, vitako vya kurekebishwa, shaba kwa mitutu ya zamani, na kijisanduku cha chuma. Nanyi wenzetu mnaosoma haya, msinung'unike kwenye kaunta tu. Mwombeni muuzaji wenu aandike oda hata kama hana mzigo, na mwandikieni mtengenezaji mkitaja bunduki mliyo nayo na boksi ngapi mtanunua kwa mwaka. Oda iliyoandikwa ndiyo lugha ambayo kiwanda hakiwezi kusema hakikuisikia.